Sisimizi wa Binti Yangu na Kamba ya Uani

Jumatatu, tarehe 7

Profesa anakuja! Kwetu! Kwa ajili ya sisimizi wa binti yangu!

Haya, hujambo, shajara. Furaha imenitoa adabu.

Binti yangu anasomea sisimizi chuoni. Msituni, nyuma ya nyumba zetu, amefunga vikadi kwenye miti, kila kikadi tone la asali na chembe ya samaki wa kopo. Halafu anakaa kutazama nani kafika kwanza na nani kamfukuza nani. Anataka kujua inakuwaje aina zote hizo zigombanie chakula kimoja na bado zote zipo. Profesa akiridhika Ijumaa, amemaliza. Asiporidhika, anarudia mwaka mzima. Ataachaje kuridhika? Mtoto huyu alitembea wenzake wakiwa hata kukaa hawajui.

Nimempasha habari Fundi Cherehani, mama jirani wa mlango wa pili. Akauliza kama siku hizi sisimizi nao wanakwenda shule. Mwanawe ni rubani. Hatupumui! Ndege ikipita anapunga mkono, hata kama ni ya mizigo.

Jumanne, tarehe 8

Nimekwenda msituni kumbebea binti kiti. Dhuluma niliyoiona! Sisimizi wadogo weusi wamefika kwanza kwenye asali, kwa jasho lao. Mara wakashuka majimoto, wale wekundu wanaoshona majani yakawa nyumba. Wakafukuza kila mtu. Wakaikalia asali kama waliachiwa na bibi yao. Wanashona, na wana kiburi. Nikamkumbuka mtu.

Nikamwambia binti awasaidie wanyonge. Akasema kazi yake ni kutazama tu. Elimu nyingine haina huruma.

Jambo jingine. Uani tuna kamba moja ya nguo. Fundi huanika asubuhi, mimi mchana. Miaka yote hatujagongana viwiko. Lakini Ijumaa Profesa atapita hapo asubuhi! Atakutana na suruali za ndani za mume wa Fundi, viraka na vyote. Haiwezekani.

Jumatano, tarehe 9

Binti alipokwenda chuoni nikachukua chupa ya asali. Nimewapakia wadogo mti mzima, toka mizizini hadi mkono ulipofika. Wamekuja kama mvua! Majimoto walitokea, wakautazama umati, wakageuza. Haki imetendeka. Nimelamba vidole, nikarudi nyumbani.

Alhamisi, tarehe 10

Binti karudi msituni ameduwaa. Katika mti mmoja wadogo wameshinda, jambo ambalo hajaliona tangu aanze. Nikasema labda wamepata moyo. Akasema mti unanata. Akauliza chupa ya asali iko wapi. Nikamuuliza kama amekula.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Ameufuta mti ule katika kazi yake, na kesho atamweleza Profesa sababu, liwalo na liwe. Huenda ukawa ndio mwaka wenyewe wa kurudia.

Baadaye akanielewesha, taratibu, kama mimi ndiye mtoto. Wadogo hawakuhitaji wakili. Majimoto wana nguvu, lakini wanashinda wakilinda walichonacho. Wadogo hawana nguvu, ila wana miguu: wanafika kwanza, wanabeba wanachoweza, wenye mabavu wakija wao wameshaondoka. Wengine hutoka jua likipoa. Kwa hiyo msitu unawatosha wote.

Nikasema nimeelewa kabisa. Nikaenda kuloweka mashuka.

Ijumaa, tarehe 11

Nimemtangulia jogoo. Kamba yote yangu! Mashuka meupe, pazia la maua, kitambaa cha meza. Nikasimama katikati, ufagio mkononi.

Fundi akatoka na beseni lake. Nikamwambia leo hakuna nafasi. Nilijiandaa kwa vita. Akasema tu, haya jirani, kazi njema. Akaliacha beseni hapo chini, akatoka getini mikono mitupu. Ushindi!

Nikalinda. Jua likapanda. Hata jiko sikuwasha, nani angebaki na kamba? Mashuka yalikauka. Nikayalowesha tena, nisije nikakosa sababu ya kusimama.

Kumbe Profesa aliwahi. Wa kwanza kumwona barabarani ni nani? Fundi! Akampokea mkoba, akamketisha kwenye kiti cha wateja, akamtilia chai. Binti anafika kumchukua, anakuta mgeni yuko kikombe cha pili na ameshashonewa kifungo cha koti. Wakatokea mlango wa nyuma wa Fundi, moja kwa moja msituni. Uani hawakukanyaga.

Binti alikuja kunitafuta, akanikuta na ufagio wangu. Alicheka hadi akaketi ndani ya beseni la Fundi. Akasema, mama, ningekuingiza kwenye kazi yangu. Nikamshukuru. Si kila mzazi hupata heshima hiyo.

Jumapili, tarehe 13

Amefaulu! Amefaulu! Profesa amesema mwanafunzi anayeufuta mti wake mwenyewe kwa sababu umeguswa, huyo anaaminika. Na aliyeugusa ni nani? Bila asali yangu angesifiwa kwa lipi?

Nimemwambia Fundi hivyo hivyo. Akanikumbatia, akasema hongera mama msomi. Sijui kwa nini alicheka.

Sasa binti ataisoma kazi yake mbele za watu, ukumbini, chuoni. Mipango iko tayari. Nitafika alfajiri na mashuka yangu yote, nitandike viti vya mbele kutoka ukuta hadi ukuta, na nisisogee hapo hadi mwisho. Ufagio nitabeba. Fundi amesema yeye hagombanii kiti, atasimama tu mlangoni kupokea wageni. Maskini! Mlangoni!

Asali nimenunua chupa kubwa. Huwezi kujua.

Ndugu, wakwe, majirani, hata mume wa Fundi na viraka vyake, nawangoja wote. Jumamosi, tarehe 19.