Miaka Sitini ya Bwana Nyamweya

Jumatatu, 5 Oktoba 2015

Meneja mpya amefika kutoka Korea. Anaitwa Bwana Kwak. Mfupi, nadhifu, tai imebana hadi kooni. Salamu yake ni kuinama. Mimi nilinyoosha mkono, yeye akainama, kidole changu kikamwingia puani. Si mwanzo mzuri.

Mambo mapya hapa ghalani Louisville: asubuhi ni mazoezi ya viungo kwa muziki, watu wote, hata Rakeli wa ofisini na viatu vyake vya visigino. Jioni hakuna anayeondoka kabla ya meneja. Hakuna aliyelisema hilo. Ila saa kumi na moja nilipochukua koti langu, Kwak alilitazama lile koti kwa huzuni mpaka nikalirudisha msumarini. Yeye mwenyewe haondoki kwa sababu bosi wake yuko Seoul, na jioni yetu ndiyo asubuhi yao. Simu ikilia, lazima akutwe kitini. Basi sisi tunamngoja Kwak, Kwak anamngoja bosi, na bosi sijui anamngoja nani. Jumamosi kazi ni ya hiari. Hiari yenyewe ni ya lazima.

Balaa! Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 17, natakiwa Columbus. Shemeji yangu Kipkoech anamposa Makena, na msemaji wa upande wetu ni mimi, maana ukoo hauna mtu mzima mwingine Marekani hii. Bila msemaji, watu wa Makena watatufungia mlango usoni. Mke wangu Chebet ameshatoa hukumu. Ubatizo wa kwao kule Buffalo niliukosa kwa sababu ya kazi. Nikikosa na posa ya mdogo wake, nihamie ghalani na godoro langu. Nilidhani anatania. Akaniuliza nataka godoro lipi.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimeomba ruhusa. Kwak akavuta hewa katikati ya meno, sssss, akasema itakuwa vigumu kidogo. Nikafurahi. Kidogo tu! Nikamweleza Rakeli, ambaye aliwahi kufanya kazi na Wakorea kwingine. Akacheka hadi akashika meza. Akasema "vigumu kidogo" maana yake ni hapana, na ile sssss maana yake ni hapana kabisa.

Paluku hakuomba ruhusa yoyote. Paluku ni mwenzangu hapa ghalani, Mkongomani wa Butembo. Anafika kabla ya taa kuwashwa. Kwenye mazoezi anaruka hadi boksi za juu zinatikisika. Tayari anamsalimu Kwak kwa Kikorea. Nikamwambia hiyo ni kujipendekeza. Akasema, bon, kwa Kifaransa chake, hata nyumbani kwao mtu husalimu wenyeji kwa lugha yao. Simpendi mtu mwenye jibu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimepata njia! Akili ni nywele, wahenga walisema, na mimi nina upara, lakini bado!

Kwak alituita mimi na Paluku, akatuuliza umri. Kwao umri ni ngazi, akaeleza. Mdogo kuliko wote anatengeneza kahawa, anafagia, anaondoka wa mwisho. Mkubwa anasalimiwa kwanza, anakaa kwanza, hasumbuliwi. Nikasema moyoni, kumbe ni watu wa kwetu hawa! Paluku akasema kweli tupu: arobaini. Pole yake. Kwak mwenyewe ana hamsini na miwili. Mimi nina arobaini na minne.

Nikasema natimiza sitini.

Lini, akauliza. Tarehe 17, nikasema, Jumamosi, na kwetu anayetimiza sitini hushinda nyumbani siku hiyo, ni mila. Akafungua faili langu, akakunja uso. Nikamwambia mwaka ulioandikwa humo ulikisiwa tu na karani wa kambi ya wakimbizi. Sasa, aliyekisiwa mwaka na karani wa kambi ni Paluku. Mimi nilikuja na pasipoti na barua ya chuo. Paluku akanitazama. Mimi nikatazama dari. Hakunichongea. Adabu anayo, nitakuwa mwongo nikisema hana.

Kwak akasimama. Akainama hadi nikaona utosi wake. Akanipa kiti chake, kwa mikono miwili.

Jumatatu, 12 Oktoba

Raha jamani! Kahawa ananiletea Paluku, naye anafagia kunizunguka. Saa kumi na moja Kwak mwenyewe alinivalisha koti, akanisihi nikapumzike. Wenzangu wote walibaki wamekaa, wakinisindikiza kwa macho. Nikawapungia kama askofu.

Uzee una kazi yake, lakini. Asubuhi nilichechemea mguu wa kushoto. Baada ya chakula nikajikuta nachechemea wa kulia. Rakeli aliona. Nikamwambia ugonjwa umehama. Tena nimepaka unga kwenye ndevu ziwe na mvi. Chebet akauliza tangu lini nasonga ugali kwa kidevu.

Ruhusa ya Jumamosi bado hajaitamka, lakini ni yangu. Nani atamnyima mzee siku yake?

Jumatano, 14 Oktoba

Nimekwisha.

Kwak alisimamisha mashine zote. Akatangaza kwamba kwao Korea kutimiza sitini si jambo la kupita hivi hivi. Jumamosi hakuna kazi. Kutakuwa na karamu ya Mzee Nyamweya, hapa hapa ghalani, idara nzima, kuhudhuria ni hiari. Tunaijua hiyo hiari! Watu wakapiga makofi. Paluku alipiga kuliko wote. Amejitolea kutengeneza bango.

Nikamfuata Kwak ofisini. Nikasema sistahili. Akasema ndivyo wazee wa kweli wanavyosema. Nikasema dini yangu haitaki makuu. Akasema unyenyekevu huu unamkumbusha baba yake. Kisha akaniambia habari ambayo sikuiomba. Baba yake alipotimiza sitini, yeye alikuwa kazini nchi nyingine. Hakuomba ruhusa kwa sababu hakuna aliyekuwa akiomba ruhusa. Mwaka uliofuata mzee akafa. Karamu ile, akasema, bado anadaiwa, na sasa Mungu amemletea mimi.

Niliona aibu, kweli kabisa, hadi masikio yakapata moto. Nikafungua kinywa niseme ukweli. Ndipo Paluku akaingia na kahawa, na ilikuwa na maziwa namna ninavyopenda, na ile hamu ya ukweli ikapita.

Ijumaa, 16 Oktoba

Kesho ni Columbus au godoro. Nikaamua kujaribu ukweli, maana uongo wote ulikuwa umeisha. Nikamwambia Kwak kwamba kesho familia inaningoja. Kijana anaposa, mimi ndiye msemaji, bila mimi hakuna mke.

Kwak alipiga meza. Kwa nini sikusema? Nilisema, nikamjibu, na ikawa vigumu kidogo. Akasema wakati ule nilikuwa mfanyakazi anayeomba ruhusa, lakini sasa ni mzee wa ukoo. Na mzee hawezi kukatwa vipande viwili, kimoja Louisville na kimoja Columbus. Basi karamu itamfuata mzee! Kufika jioni alikuwa amekodi basi.

Nyumbani Highview nikamwambia Chebet kwamba wenzangu wachache wa kazini watatusindikiza. Akafurahi sana. Posa yenye watu ni posa yenye heshima, akasema. Ila alitaka kujua Paluku ni nani. Huyo Paluku alikuwa amempigia simu kuuliza kama mzee bado ana meno ya kutafuna keki ya mchele. Chebet alidhani ni mzee mwingine.

Jumamosi, 17 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye kochi. Chumbani sijaalikwa.

Tulifika Columbus salama. Kwak alituagizia chakula njiani, wote, akatukataza kuchangia hata sisi tulioingiza mkono mfukoni polepole. Kwao mkubwa ndiye anayewalisha wadogo. Mimi tu alinitaka radhi, maana kumlisha mkubwa wake aliona kama ni kumkosea heshima. Hata hivyo nilikula.

Watu wa Makena walikuwa wanatungoja mtaa wa Northland, katika chumba cha nyuma cha mkahawa, Morse Road. Bibi yake, Mama Kananu, amekaa mbele. Kipkoech amevaa suti, jasho linamtoka. Mimi nikaingia nikichechemea, na fimbo. Nyuma yangu Kwak, Rakeli, Paluku na ghala nzima. Watu wa Makena wakanong'ona, huu ukoo ni mkubwa! Chebet akainua kidevu. Ilikuwa saa yangu.

Mjomba wa Makena akasimama kutupokea. Nikamtambua. Salaala! Silas! Kiranja wangu wa bweni, aliyekuwa akituamsha kwa ndoo ya maji baridi! Nikainamisha kofia. Pengine nisingejulikana. Lakini Paluku na mwenzake ndipo walipokunjua bango, ukuta hadi ukuta, kwa Kiswahili fasaha na maua pembeni: HONGERA MZEE NYAMWEYA KWA KUTIMIZA MIAKA SITINI.

Silas akalisoma. Akanitazama. Akalisoma tena. Akasema yeye alinitangulia shuleni, na mpaka leo hajafika hamsini. Akaomba nimweleze nilipitia njia gani mpaka nikampita.

Watu wakacheka. Kisha wakaacha, na hapo ndipo pabaya. Silas akasema hawezi kumtoa binti kwa neno la mtu anayedanganya hata tarehe ya mama yake kumzaa. Watakaa na sisi siku nyingine, tukipata msemaji. Makena akaanza kulia. Kipkoech akanitazama kama mtoto aliyepotea sokoni. Chebet hakunitazama kabisa. Alisema neno moja tu, chini kwa chini: njia ya mwongo ni fupi.

Rakeli ndiye aliyemweleza Kwak yaliyotokea. Kwak akanigeukia. Nilitamani sakafu ifunguke. Akavuta hewa, sssss, ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Halafu akauliza: kama si huyu, katika msafara huu mkubwa kwa umri ni nani?

Tukatazamana. Ni yeye mwenyewe, wa hamsini na miwili.

Akafunga kifungo cha koti. Akaenda mbele ya Mama Kananu, akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa zulia. Akatoa boksi la mapeasi makubwa, matunda ya kwao, lililokuwa zawadi yangu ya miaka sitini, akampa bibi kwa mikono miwili. Rakeli akitafsiri, akasema kwao pia binti haombwi kwa simu, lazima watu wakae chini waonane macho. Akasema yeye amekosa kila siku iliyokuwa muhimu nyumbani kwake, kwa sababu alikuwa anangoja simu ya bosi, na leo ameizima. Kweli aliitoa mfukoni akaionyesha. Imezimwa. Akasema kijana huyu hamfahamu. Lakini amemwona dada yake akiwa na wasiwasi juu yake tangu asubuhi, na mtu anayependwa hivyo ni mtu mzuri.

Mama Kananu akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Akasema mkono mtupu haulambwi, na huyu kaja na mikono yote miwili. Akamwambia Silas aache ukiranja. Wakakubali!

Vigelegele vilipopigwa, Chebet alimkumbatia Kwak. Kwak hakujua aweke wapi mikono. Paluku alikata keki ya mchele, akanipa kipande kidogo, akaniuliza kama meno yanaruhusu.

Nikiangalia vizuri, mpango wangu umefaulu. Kipkoech amepata mke. Bila mimi Kwak angefikaje Columbus? Lakini katika nyumba hii hakuna wa kuambiwa.

Jumatatu, 19 Oktoba

Jana Chebet alimwalika Kwak chakula cha mchana. Sasa anaitwa Mzee wa familia. Amepewa kiti changu. Alikaa, akakaa, akakaa. Nilipotaka kuinuka nikalale kidogo, Chebet alinikanyaga mguu: hakuna anayeondoka mezani kabla ya Mzee. Kwangu mwenyewe! Na Jumapili ijayo amealikwa tena.

Leo Kwak ameniita ofisini. Hakufoka. Alisema amekasirika, tena sana, lakini Jumamosi ile alilala usingizi ambao hajaulala miaka mingi, kwa hiyo hasira na shukrani zinagongana. Akafungua faili. Akaniomba nimwambie umri wangu wa kweli, mara moja, yaishe.

Hapo nikafikiri haraka. Kosa langu lilikuwa wapi? Si kudanganya. Kosa lilikuwa kupanda! Nilipanda ngazi nikaanguka. Kumbe ningeshuka. Nani alikula bure njiani bila kuombwa radhi? Wadogo. Nani anasamehewa makosa? Wadogo.

Nikasema nina thelathini na minane. Kwak akatazama faili. Nikamkumbusha kwamba faili lilikisiwa. Akavuta hewa, akaandika.

Paluku alikuwa amesimama mlangoni na kahawa. Akainywa yeye. Akaenda, akarudi na ufagio, akanipa kwa mikono miwili. Akasema, bon, mdogo wangu, heshima si utumwa, anza kule nyuma kwenye boksi, na jioni usiondoke kabla yetu.

La ufagio nilikuwa nimelisahau. Si kitu. Kesho naanza kuchechemea. Mguu wa kushoto, nisisahau.