Saa Mia Moja na Sita za Mama

Jumatatu, 4 Septemba 1978

Chuo cha walezi wa watoto kimenijibu. Kimejibu! Nafasi ipo, ila wanataka barua ya mtu mzima, asiye ndugu, aliyeniona nikilea. Mwisho Ijumaa ya tarehe 15. Nikikosa, Shangazi Doreen ameshaniombea kazi kiwanda cha soksi. Kufungasha. Mbili mbili, mpaka nizeeke.

Mama yumo katika chama cha kuleana watoto hapa mtaani kwetu, Leicester. Wako saba. Leo unanishikia wangu kwa saa mbili, kesho nakushikia wako kwa saa mbili, na katibu, Bi Pargeter, anaandika kwenye daftari. Mama anaongoza kwa saa mia moja na sita! Watoto wakishaingia na mlango kufungwa, yeye hupanda juu na gazeti lake la hadithi za mapenzi. Mlezi ni mimi. Hakuna ajuaye, hata jina langu hawalijui, kwa sababu wageni wakibisha hodi mimi huwa jikoni. Sipendi kutazamwa.

Nilimwomba Mama awaambie. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Eti mimi, ninayeshindwa hata kumsalimia muuza maziwa, niende chuo? Halafu akanikumbusha kwamba kanuni inataka mlezi awe mzazi. Nikifungua mdomo, anafukuzwa.

Sitafungua mdomo. Nitafanya waone wenyewe.

Jumatano, 6 Septemba

Mpango wa kwanza. Nimemfundisha Colin, kitinda mimba wa Bi Pargeter, kufunga kamba za viatu. Ana miaka minne! Saa tatu nzima sakafuni, magoti yamechubuka.

Bi Pargeter alipokuja kumchukua nilisikiliza nyuma ya mlango wa jikoni. Alipiga kelele za furaha. Akasema watoto wake wakubwa walifikisha miaka saba hawajui. Mama akamjibu, kwa sauti ya upole ambayo mimi sijawahi kuisikia humu ndani, kwamba ni subira tu, shoga yangu.

Subira! Niliuma kitambaa cha vyombo.

Ijumaa, 8 Septemba

Mpango wa pili, wa hakika. Nimewafundisha watoto watatu wimbo: “Rosalind anatupenda, Rosalind anatulisha.” Waliuimba barazani mbele ya mama zao, vizuri kabisa, hata Colin hakukosea.

Bi Pargeter akauliza Rosalind ni nani. Colin akasema anakaa jikoni. Moyo wangu! Mama, bila hata kumeza mate, akasema ni paka.

Hatuna paka.

Kutoka jikoni mpaka barazani ni hatua tano. Nilizihesabu. Nilifika ya pili. Jioni Bi Pargeter akaleta kopo la samaki la huyo paka, na Mama akalila na mkate.

Jumatatu, 11 Septemba

Zimebaki siku nne. Nimemwandikia Bi Pargeter kwa mwandiko wangu bora: “Yule anayewalea watoto wenu nyumbani kwa akina Dunkley anatamani kusomea kazi hiyo. Anahitaji barua ya sifa chuoni kabla ya Ijumaa. Ana haya kuomba.” Nikataja chuo. Jina langu sikuweka. Kujitaja niliona ni kujisifu. Nikapenyeza chini ya mlango wake, nikakimbia.

Alhamisi, 14 Septemba

Bi Pargeter alikuja mwenyewe, na keki. Nikiwa jikoni nilimsikia akimsuta Mama kwa furaha: “Wewe Rita! Una ndoto kubwa hivyo na unatuficha sisi wenzako?” Barua ameiandika, wote sita wametia saini, na ameipeleka chuoni kwa mkono wake, akarudi na fomu ya Mama kujaza.

Mama aliutazama mlango wa jikoni. Najua, nilikuwa nachungulia kwenye tundu la ufunguo. Tulitazamana, jicho kwa jicho.

Kisha akasema, “Niliona haya, shoga.”

Baadaye nililia. Mama akanikatia kipande cha keki. Akauliza angefanyaje, amwaibishe mama wa watu na keki yake mkononi?

Jumatano, 20 Septemba

Barua mbili kwa posta moja. Yangu: wanasikitika, hawakupokea barua ya mtu yeyote kunihusu. Ya Mama: wanafurahi sana. Hawajawahi kuona mwombaji anayesifiwa na familia sita.

Amenunua mkoba.

Jumatatu, 2 Oktoba

Mama ameanza chuo. Shangazi Doreen alikuja kuniuliza kuhusu soksi, na Mama akamwambia siwezi kukosekana nyumbani, nani atashika watoto? Leo wamekuja watano. Saa zinaandikwa kwa jina lake kama kawaida.

Lakini nina mpango! Mama amepewa kazi ya mwezi mzima: kumchunguza mtoto mmoja na kuandika taarifa. Amenitupia daftari, nimwandikie. Nitamwandika Colin, kila siku, kila kitu, vizuri kiasi kwamba walimu watatambua mara moja kwamba mwandishi si Mama, na watakuja kumtafuta.

Jina sitaweka. Wale ni watu waliosoma. Watajua wenyewe.