Habari za Kinyozi Aliyeitoboa Boneti

Sogeeni, enyi wenye masikio, na ninyi mlioegemea milango mketi; zimeni redio, epueni sufuria zisije zikaungua, kwa maana ninayotaka kuyanena si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine wamesimulia wafalme waliobomoa kuta za miji. Mimi nitamsimulia Kinyozi, bwana wa wembe na mkasi, mtiisha visogo, aliyeishusha boneti ya pikapu yake kwa mikono yake mwenyewe, akaitoboa matundu ya hewa, akaipaka rangi uani kwake, wala hakufa. Nami nilikuwapo ng'ambo ya ukuta, jirani yake, nimesimama juu ya ndoo, kwa hiyo asitokee mtu kuniambia kwamba natia chumvi.

Pikapu ile ilikuwa kongwe, na injini yake ilikuwa na hasira. Kila ilipokipanda kilima cha tangi la maji, ilichemka kwenye kona ya mwisho, ikatoa mvuke mweupe puani, na mke wa Kinyozi akalazimika kushuka na viatu vyake vya kutokea, kwenda kuomba maji nyumba kwa nyumba. Na juu ya kilima kile, kwa bahati mbaya isiyo kifani, alikaa dada mkubwa wa mke huyo, mwanamke mwenye jicho kali na ulimi usiojua likizo, aliyeyatazama yote hayo akiwa ameketi kwenye ngazi za nyumba yake.

"Wenzako wameolewa na watu wenye magari," alimwambia siku moja mbele ya wageni. "Wewe, mdogo wangu, umeolewa na birika."

Wageni walicheka. Mke wa Kinyozi naye alicheka, kwa sababu angefanya nini, lakini neno lile lilimwingia mpaka kwenye mfupa. Alirudi nyumbani, akavua viatu vilivyolowa, akamkabili mumewe aliyekuwa ameshika kikombe cha chai, akatoa hukumu.

"Baba watoto, nisikilize vizuri. Jumamosi nakwenda kwa dada. Likichemka tena na mimi nimo ndani, jioni yake mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kulichukua. Nimeshaongea naye."

Kinyozi akaweka kikombe chini. Mnunuzi yule alimjua. Alikuwa amekwisha kupita hapo mara kadhaa, akiigonga boneti kwa spana na kutega sikio, kama daktari aliyeitwa kwa mgonjwa asiyetarajiwa kuamka. Na Kinyozi aliipenda pikapu ile, sioni haya kulisema kwa niaba yake. Ilikuwa kitu cha kwanza kikubwa alichokinunua kwa jasho lake. Ndani yake ndimo alimomkimbiza mkewe kwenda kujifungua, amechanganyikiwa hata akaendesha njia nzima mlango wake ukiwa wazi. Wazo la kuiona imelala juu ya mkokoteni, imekatwa vipande, lilimkosesha hamu ya chai.

Ndipo akaitisha baraza la vita. Baraza lenyewe lilikuwa yeye na Cheche, mchomeleaji wa mtaa wa pili, mtu mwenye nyusi nusu tu kwa sababu za kikazi, ambaye hajawahi kuonyeshwa chuma asitake kukichoma. Wakaifungua boneti, wakainama juu ya injini, wakapumua kwa kishindo.

"Rejeta nzima, feni nzima, maji yanazunguka," akasema Cheche. "Tatizo joto linakaa humu ndani, halina pa kutokea. Hili gari limevaa koti juani."

"Basi tutalivua koti!" akanguruma Kinyozi, akanyoosha kitana chake kuelekea mbinguni. "Nitaipasua boneti hii kulia na kushoto! Nitaiwekea matundu ambayo upepo wenyewe utayaonea wivu! Na atakayesimama mbele yangu—"

"Na hayo matundu utayatoa wapi?" akauliza mkewe kutoka dirisha la jikoni.

Swali hilo lilimkuta hana silaha. Lakini mashujaa hawakai sana bila silaha. Alikwenda mbio hadi kwenye kibanda chake cha kunyolea, ambako lilisimama kabati la chuma la kutunzia taulo, na mlango wa kabati hilo ulikuwa na mistari ya matundu yaliyoinuliwa kama kope, ili taulo zisivunde. Alilitazama kabati, nalo kabati likamtazama. Tangu siku ile taulo za kibanda kile zinakaa wazi, na ukinyolewa pale unaziona zote.

Boneti ikashushwa kwa nguvu za wanaume wawili na malalamiko ya mmoja. Ikalazwa juu ya matairi makuukuu. Kinyozi akapiga mistari kwa chaki, akitumia kitana badala ya rula, akakunja jicho moja kama anavyokunja anapopima sharubu za mteja mkubwa. Kisha Cheche akaliwasha grinda, na kelele ikapanda, cheche zikaruka, kuku wa nyumba ya nyuma wakahama ukoo mzima. Bati la boneti likalia, likakatika, likafunguka. Vipande vya mlango wa kabati vikawekwa mahali pake, midomo yake ikitazama nyuma ili mvua isiingie, vikashikizwa kwa moto, nukta hapa, nukta pale, maana bati jembamba ukilichoma kwa pupa linajikunja. Cheche alichoma kwa subira ambayo mkewe mwenyewe hajawahi kuiona.

Kisha ikaja zamu ya mikono ya Kinyozi, na hapo, wapendwa, nakiri kwamba nilisahau kuwa nimesimama juu ya ndoo. Aliipaka puti, ule uji mzito wa kuziba mabonde, kwenye kila mshono, akaiacha ikauke, akaishukia kwa msasa na maji. Mtu aliyenyoa vichwa vya mji mzima anajua kutafuta kipele kwa ncha ya kidole. Alipapasa, akasugua, akapapasa tena, akainyunyizia poda ili mabonde yajionyeshe, akaipangusa poda kwa ile brashi laini ya shingoni. Boneti ilinyooka mpaka ikatia aibu magari mapya. Na praima, rangi ya msingi, ilipokwisha kupulizwa na kukauka, akaipitia mara ya mwisho kwa msasa laini, akarudi nyuma hatua, akaikunjulia uso.

Hapo ndipo mazoea yalipomsaliti. Mikono yake, bila kumuuliza, ilichukua chupa ya mafuta ya nywele, ikamimina viganjani, ikasugua, ikaipaka boneti yote kutoka mbele hadi kisogoni, ikaipiga kikofi kidogo cha kumalizia. Nilimwona kwa macho yangu mawili akiishikia kioo kwa nyuma.

"Iko sawa?" akauliza.

Boneti haikusema kitu, naye akalichukua hilo kuwa ndiyo.

Siku iliyofuata, Ijumaa, ua ulimwagiwa maji ili vumbi lilale. Nguo zilianuliwa zikiwa mbichi, zikatandazwa juu ya viti vya sebuleni. Boneti ilitundikwa kwa nyaya kwenye nguzo za kamba ya kuanikia, mashuka yakazungushwa kuwa kuta, na kompresa ya upepo iliyoazimwa kwa mziba pancha ikaanza kukohoa. Kinyozi alitokea amefunga kitambaa puani, amevaa lile joho la wateja, bunduki ya kupulizia rangi mkononi. Akapuliza. Wekundu ukashuka juu ya bati, ukang'aa, ukatanda, nami nikapiga makofi juu ya ndoo yangu.

Ndipo rangi ikakimbia. Ilianza kwa kijitundu kimoja cha duara, kikafuata cha pili, mara boneti nzima ikafumbua macho madogo madogo, mamia yake, yote yakimtazama Kinyozi. Kila alipopuliza, rangi ilijitenga na bati kama imeona nyoka.

Cheche akaingiza kichwa kati ya mashuka, akanusa. "Hili bati lina mafuta. Umeipaka nini?"

"Mafuta ya nywele," akasema Kinyozi kwa sauti ndogo. "Kidogo tu. Ya kumalizia."

Cheche alicheka mpaka akaketi ndani ya tairi, na kutoka humo ilibidi avutwe. Lakini Kinyozi hakucheka. Alikaa chini palipolowa, joho limemfunika magoti, akaitazama boneti yake yenye tetekuwanga, na alikuwa ameshindwa. Kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mkewe akatoka, akaizunguka boneti, akamzunguka na mume.

"Na kioo umeishikia?" akauliza.

Kinyozi akaitikia kwa kichwa.

Akafumba macho mwanamke yule, akayafumbua. "Inuka. Niletee maji ya moto na sabuni ya vyombo. Shemeji Cheche, acha kucheka, shika upande huo."

"Mama watoto, si ulitaka liuzwe?"

"Nilisema likichemka. Sikusema likiwa na mafuta. Leta maji!"

Enyi mliowahi kuona majeshi yakigeuka na kurudi vitani, hamkuona kitu. Aliiosha ile boneti kama aoshavyo sufuria iliyoungua, mikono mpaka kwenye viwiko, povu jekundu likitiririka uani. Kinyozi akafuata na msasa, Cheche akafuata na kitambaa chenye thina, maji makali ya kuondolea mafuta. Walisugua mpaka bati likatoa mlio wa sahani safi. Chupa ya mafuta mwanamke aliitia kifuani mwake, akaifunga na kitenge, na akasimama nyuma ya mumewe akimlinda dhidi ya mikono yake mwenyewe. Kinyozi akapuliza tena, taratibu, na wekundu ukashika.

Jumamosi ikafika. Kinyozi alikamata usukani, mkewe kando yake amevaa viatu vilevile, mkoba magotini. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya magunia, nikichungulia kwa kidirisha cha nyuma kilichokuwa wazi, maana historia yahitaji shahidi. Kilima kikaanza. Mshale wa kipimo cha joto ukapanda nacho.

"Ewe mshale!" akapaza sauti Kinyozi. "Mimi niliyekesha nikiwaza, niliyetoa sadaka mlango wa kabati langu, nakuamuru—"

"Angalia mbele, baba watoto."

Akaangalia mbele. Hewa ya moto ilikuwa ikitoka kwenye yale matundu kwa wingi, ikiyumbisha taswira ya barabara. Tukapita nyumba ambako mama yule alizoea kuomba maji, na watu walikuwa wametoka na ndoo zao tayari, kwa wema tu. Tukawapita. Kona ya mwisho ikaja, injini ikaunguruma, mshale ukaugusa ukingo wa alama nyekundu, ukatetemeka, ukabaki pale pale. Kisha barabara ikalala, tukawa juu, na mvuke haukuwapo.

Ngazi za dada mkubwa zilikuwa tupu. Alitoka ndani tulipokwisha simama, anafuta mikono, akaitazama boneti nyekundu, akamtazama mdogo wake.

"Karibuni. Mmelipumzisha wapi njiani?"

"Hatukulipumzisha."

"Haya," akasema dada, kwa ile haya ya mtu asiyeamini.

Mke wa Kinyozi alikuwa ameshateremsha mguu mmoja. Akautazama mguu huo. Akaurudisha ndani, akafunga mlango kwa kishindo, akashusha kioo.

"Dada, usiondoke hapo. Baba watoto, geuza. Tunashuka, tunapanda tena."

Kinyozi akamgeukia, na machozi yaliyokataa kumtoka uani sasa yalimtoka bila aibu. Akageuza. Chini ya kilima tulimkuta mnunuzi wa vyuma na mkokoteni wake, anakwenda zake kungojea jioni. Mama akamwambia arudi kwao akapumzike na familia.

Na ijulikane kwa waliopo na watakaozaliwa, na ikumbukwe kila kabati la chuma litakapotajwa, kwamba katika Jumamosi ile kilima cha tangi la maji kilipandwa mara mbili na pikapu moja, bila tone la maji kuombwa. Mara ya kwanza tulipanda macho yote yakiwa kwenye mshale. Mara ya pili yule mama alitoa mkono dirishani tangu chini hadi juu, akiwapungia watu, hata asiowajua.