Fahari ya Nyanda Haivuji

Jumatatu, 12 Januari

Nina miaka sabini na tisa. Vimbunga viwili vya Oklahoma vimepita, mimi nipo. Fahali mmoja mwenye roho ya shetani alinikanyaga, akafa yeye. Kaka zangu wote nimewazika. Daktari aliyeniambia niache bekoni la sivyo nitakufa, naye nimemzika. Alikuwa mla mboga.

Leo tumefika kambini, pwani ya Texas, wanakokimbilia wazee wa kaskazini baridi ikianza kuuma. Wenzangu wamekuja na matrela. Mimi, Elvin Tackett, nimekuja na Fahari ya Nyanda. Mpya! Harufu ya kiwandani bado imo. Ndiyo ile kubwa ambayo shingo yake inalalia mgongoni mwa pikapu. Nyumba ya matofali tumeuza. Mke wangu Wanetta alilia kidogo chini ya mpichi wake, nikamwambia, mama, trela hii ina meko ya umeme ya kuota moto sebuleni, hayo matofali yalikuwa na nini?

Hapa mgeni akiingia kinyumenyume kwenye nafasi yake, wakongwe wote hutoa viti vya kukunja na vikombe vya kahawa, wakakaa kutazama. Ndiyo sinema yao. Basi nimewapa sinema. Wanetta alisimama nyuma akipunga mikono. Alipoonyesha kulia nilikwenda kushoto, kwa sababu namjua. Nguzo ya bomba la maji ilisogea kidogo. Mwishowe makofi! Sijaona mtu akipigiwa makofi marefu vile.

Jirani yetu ni Burl Lemke wa Nebraska, mpeleka barua mstaafu wa posta. Trela yake kuukuu, rangi ya maziwa yaliyochacha. Akauliza kama niliikagua yangu kabla ya kuichukua. Nikamwambia, jirani, bibi harusi hakaguliwi meno. Akasema yeye wake alimkagua, na mpaka leo anatafuna.

Sijampenda huyu.

Jumanne, 13 Januari

Trela mpya ni kama farasi mpya, lazima ikuzoee. Asubuhi Wanetta kafungua kabati la vikombe, mlango ukamfuata mkononi. Nikamweleza kwamba umetengenezwa utoke, ili usafishike. Mlango wa bafu haufungi. Hewa safi! Bomba lenye alama nyekundu linatoa maji baridi, la buluu linatoa ya moto. Mwizi akija kunawa ataungua. Watengenezaji wamefikiria kila kitu.

Wanetta kasema nipige simu dukani tulikoinunua. Nimepiga, ili anyamaze. Binti wa simu, sauti kama asali, akasema pole mzee wangu, lete trela, nafasi ya kwanza ya fundi ni mwezi wa sita. Nimefurahi. Fundi anayegombewa hivyo si fundi wa mchezo.

Jumamosi ni siku ya milango wazi. Kila mwenye trela anafungua nyumba yake, watu wanapita na sahani, wanaonja na kuchungulia. Wanetta atatengeneza saladi ya viazi. Amesugua sakafu mpaka kona. Kasema anataka watu waone kwamba bado ana nyumba.

Wataona.

Alhamisi, 15 Januari

Mvua. Wanetta alikuwa amejilaza mchana. Tone la kwanza likamtua katikati ya paji la uso. Nikasema ni jasho. La pili likamwingia sikioni. Akaketi.

Akasema hivi, naandika alivyosema: "Sikiliza, mzee. Nimeacha matofali yangu, nimeacha mpichi wangu, nimekufuata ndani ya kopo hili. Tone moja tena linidondokee mimi au mgeni wangu, nakwenda Tulsa kwa Oleta. Tena kwa basi. Na hilo kopo lako usiniletee huko."

Oleta ni dada yake. Ana nyumba ya matofali. Hajanipenda tangu siku ya harusi, alipouliza kwa sauti kama bado kuna muda.

Nikatoka nje kwenye mvua. Huyu mwanamke nimemuoa nikiwa na nywele. Hata sijui anaweka wapi kahawa.

Burl alinisikia nikitembeatembea nje, akaja na gundi ya paa. Akasema panda juu, ufa uko kwenye ile kona ya mbele, yeye anauona akiwa kitini kwake. Nikamwambia arudi kitini kwake. Fahari ya Nyanda haina ufa. Ina jasho.

Nikatumia akili yangu mwenyewe. Maji ni majinga, hufuata mteremko. Nikainua pua ya trela kwa jeki za mbele, juu, juu zaidi. Maji yote yakaenda nyuma, mbali na kitanda. Matone yakakoma! Na sikusoma popote. Kitabu cha maelekezo kipo, kinene kama Biblia. Nimekiweka chini ya jeki ya kushoto. Kinafaa sana.

Ijumaa, 16 Januari

Bado kunanyesha. Kitanda kikavu! Wanetta anateleza kidogo, lakini anateleza akiwa mkavu. Yai limetoka jikoni likaenda sebuleni bila kusindikizwa.

Friji imeacha kupoza. Burl, nani kamwita, akachungulia mlangoni huku kashika fremu asianguke. Akasema friji za aina hii zikiinama zinagoma, lazima trela ikae sawa. Nikamwuliza mpeleka barua anajua nini kuhusu friji. Akasema barua zilifika.

Wanetta kanusa saladi ya viazi, akataka kuimwaga. Nikasema hakuna kinachoharibika ndani ya Fahari ya Nyanda. Nikala bakuli zima mbele yake kuthibitisha. Ilikuwa nzima. Mchana wote nimekaa bafuni kwa hiari yangu. Kwa kuwa mlango haufungi, nimesalimiana na wapita njia wengi. Watu wema.

Jambo moja dogo. Dari ya sebuleni, huko nyuma, juu ya kochi, imeota kitambi. Ukiigusa inacheza kama mtindi kibuyuni. Nimechukua blanketi la viraka alilolishona mama mkwe, nikalipigilia kwa misumari midogo, likafunika lote. Inapendeza kama hema la mfalme! Wanetta kalitazama muda mrefu. Akamtazama Burl dirishani. Hakusema neno. Mwanamke akinyamaza ujue kakubali.

Jumamosi, 17 Januari

Jua! Hakuna wingu hata la dawa.

Wanetta kaamka akavaa koti la mvua. Na kofia ya plastiki, kaifunga kidevuni. Nikajisemea, maskini, uzee umeanza na yeye. Nikawa mpole kwake.

Wageni wakaanza kuja. Burl wa kwanza, koti la mvua. Nyuma yake foleni, kambi nzima, wote makoti ya mvua. Bibi mmoja wa Minnesota kavaa na mabuti. Watu wa kaskazini hawajui jua, ukiwaonyesha wanadhani ni mtego.

Kwenye matrela ya wengine watu waliingia, wakaonja, wakatoka. Kwangu waliingia, hawatoki! Walibanana ukutani, sahani zimefunikwa vizuri, macho juu. Walivutiwa na blanketi. Kochi lilikuwa tupu, nikawakaribisha wakae, wakasema asante mzee, tumekaa sana leo. Adabu kubwa. Nikasimama mimi mbele ya kochi, nikawahutubia.

Bibi wa Minnesota akauliza, babu, eti haivuji?

Nikamjibu haivuji, haijavuja, na haitavuja nikiwa hai. Kuwaonyesha uimara wa dari nikachukua mpini wa ufagio, nikagonga mara moja.

Ile haikuwa kuvuja. Nataka hili lieleweke. Kuvuja ni matone. Lile lilikuwa ziwa. Dari, blanketi, pamba ya ndani ya dari na maji ya siku mbili, vyote vilishuka juu ya kichwa changu. Shangwe ilivyopanda! Nimewahi kuona fahali akiruka uzio katikati ya maonyesho, sijasikia watu wakishangilia vile. Burl akanipangusa pamba puani, akasema, "Jirani, tulikwambia wote. Wewe peke yako umesahau koti."

Nikamgeukia Wanetta, nikamkumbusha masharti yake mbele ya mashahidi. Alisema likimdondokea yeye au mgeni. Yeye mkavu. Wageni wakavu. Mimi si mgeni, mimi ni mwenye nyumba. Kwa hiyo haendi popote.

Akacheka. Haki ya Mungu, alicheka mpaka akakaa chini, kofia ya plastiki ikamshuka machoni. Sijamwona akicheka hivyo tangu tuuze nyumba. Nikajua nimeshinda.

Kisha akajifuta machozi, akainuka, akafungasha.

Jumapili, 18 Januari

Burl kamchukua hadi kituo cha basi, kwa sababu pikapu yangu bado imenaswa kwenye shingo ya trela na jeki zimekataa kushuka. Wanetta kaninyoosha kola. Akasema, mzee, mlango wa Oleta uko wazi kwako. Kwako wewe. Hilo kopo, hapana.

Nikampandishia sanduku kwenye gari la Burl.

Kahawa nimeipata. Iko kwenye kopo lililoandikwa sukari. Nimekunywa peke yangu. Mezani kuna kikombe kimoja, na hata hicho kinateleza kwenda zake.

Nimefikiri mchana kutwa. Mimi si mtu wa kuachwa na mke na dari pia.

Alhamisi, 22 Januari

Nimetii! Wanetta hataki kopo hilo. Nimezipiga jeki nyundo mpaka zikashuka, nikalirudisha dukani.

Kijana wa kuuza kanipokea kama babu yake mzazi. Akasema ile ilikuwa na bahati mbaya, hazitoki mbili hivyo. Akanionyesha dada wa ile trela: Fahari ya Nyanda Kuu. Ndefu zaidi! Mabafu mawili! Akauliza kama ningependa kuikagua kwanza, taratibu, yeye hana haraka. Nikamwambia mtu mzima anamwamini mtu mzima. Nimeweka sahihi pale alipoweka kidole.

Wanetta alisema nisimpelekee kopo *hilo*. Nimelitafakari neno lake vizuri. Hakukataza lingine.

Jumamosi, 24 Januari

Tulsa. Nimeingia uani kwa Oleta kinyumenyume, bila mtu wa kunipungia. Tuta la maua lilikuwa njiani. Nimebonyeza kitufe, ubavu wa sebule ukachomoza nje kama droo ya kabati, vizuri kabisa, ukaenda ukagusa matofali ya Oleta, ukakataa kurudi. Sasa umeziba mlango wake wa jikoni. Akitaka kumwaga takataka lazima azunguke kwa mbele. Yeye anaita balaa, mimi naita mazoezi.

Lakini dirisha la jikoni limekuja kukaa sawasawa na dirisha langu. Jioni Wanetta kalifungua. Akanitazama. Akatazama mabafu mawili. Akanipitishia sahani, nyama na viazi, akasema kula, mzee mjinga, kisha akaegemea pale pale mpaka nikamaliza. Tumekula pamoja! Yeye kwenye matofali, mimi kwenye Fahari, ugomvi uko wapi?

Oleta naye nimemwona nyuma ya Wanetta, nikamshauri auze hiyo nyumba. Kuna nyingine kama hii yangu dukani. Nimeshampigia yule kijana amwekee.

Asiyeamini haya amuulize Wanetta, baada ya kahawa. Amuulize Burl Lemke wa Nebraska, mwongo katika mambo yote isipokuwa haya. Au Oleta, ambaye hasemi nami, lakini hivi sasa yuko mlango wa mbele akimweleza polisi kila kitu, neno kwa neno.