Mawe ya Mheshimiwa Babu

Jumapili, 8 Januari

Naanza leo. Naahidi kuandika kila kitu, pamoja na yatakayonitia aibu. Mwalimu wetu, Bi Hemalata, anasema shajara inayomsifu mwenyewe tu ni tangazo la duka. Hii haitakuwa tangazo. Nikimaliza nitaituma Rourkela kwa Dada Sulochana, aliyeolewa huko na anayelalamika kwamba barua zangu hazina habari.

Habari ipo. Habari ni Babu.

Babu yangu, Gadadhar Praharaj, alikuwa mbunge wa jimbo letu. Aliwahi hata kuwa naibu waziri wa umwagiliaji, ila serikali ilianguka kabla hajapewa gari. Alianza na chama cha Jembe. Akahamia Taa. Akarudi Jembe. Jembe likagawanyika, akagombea peke yake kwa alama ya cherehani, na watu wakamletea suruali za kupunguza. Sasa yuko Taa tena. Kila asubuhi huvaa nguo nyeupe, hukaa barazani na kungoja wageni. Anayekuja ni Kalandi kinyozi, naye hufuata gazeti.

Uchaguzi unakaribia! Jumapili ijayo mjumbe wa Taa atakuja kutoka Bhubaneswar kuwasikiliza watu: wanamtaka Babu au Bansidhar Biswal? Bansidhar, aliyekuwa akimbebea Babu mkoba! Bibi aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba Babu akiachwa safari hii ndiyo mwisho wake, na kwamba mtu wa namna ile akikosa watu wa kuongea nao hunyauka. Nimeelewa. Nimeamua kumsaidia. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 9 Januari

Nimepata njia!

Asubuhi nilivuka mto kwenda shule kama kawaida, viatu mkononi, sketi nimeikunja. Ng'ambo nilimkuta Mama Kuntala akibandika samadi ya ng'ombe kwenye jiwe, ikauke apate ya kupikia. Kipande kimoja kikadondoka. Chini yake, herufi! Nikabandua kingine. "Jiwe la msingi la daraja hili limewekwa na Mheshimiwa Gadadhar Praharaj."

Nilisimama pale mpaka nikachelewa kengele. Kumbe tatizo la Babu si kwamba watu hawampendi. Amefunikwa tu.

Jioni nilimchimba Bibi kwa hila. Yako mawe mengine. Bibi anayakumbuka kwa sari alizovaa siku za sherehe: la shule, sari ya zambarau; la zahanati, ile ya kijani iliyoungua kwa fataki. Nitayasafisha yote kabla mjumbe hajafika.

Jumanne, 10 Januari

Mimi na rafiki yangu Minakhi tumeanza na lile la daraja. Majivu, ukwaju, kumbi la nazi. Mama Kuntala alisimama mkono kiunoni, akataka kujua sasa yeye aanike wapi. Nilimweleza kwa adabu kwamba hii ni kumbukumbu ya daraja.

Akasema, "Mjukuu wa mheshimiwa, mimi daraja silijui. Lakini jiwe lake limenipikia wali miaka yote hii. Mpe babu yako ahsante."

Nimeyaandika neno kwa neno. Wananchi wanashukuru.

Herufi nimezipaka rangi nyekundu. Zinaonekana hadi ng'ambo. Wakati wa kurudi Minakhi aliteleza mtoni, akalowa mpaka kifuani, akanyamaza njia nzima. Nadhani ni mafua.

Jumatano, 11 Januari

Jiwe la pili liko uwanjani. Wavulana wakicheza kriketi hulitumia kama wiketi, shabaha ya mpira. Nahodha wao aliuliza nani ametupa ruhusa kuosha wiketi yao. Nikamjibu kwamba anapigia mpira historia. Akasema historia hiyo imewahi kumtoa mara nyingi.

Tulipolisafisha likasomeka: "Shule ya Sekondari ya Wasichana." Nilisimama kidogo. Sisi wasichana husoma ng'ambo, kwenye shule ya wavulana, benchi la nyuma karibu na mlango. Nilihisi kitu, kama punje ya mchanga kwenye wali. Halafu nikachovya brashi. Rangi ilikuwa inakauka.

Jiwe la zahanati liko sokoni. Kalandi huwakalisha wateja juu yake akiwanyoa. Alituhimiza tulisugue vizuri, kwani wateja wanapenda kiti safi.

Alhamisi, 12 Januari

Ushindi!

Kijiji kizima kinazungumza habari za Babu. Pale mtoni mzee Natabar alikuwa akiwasomea wasiojua kusoma, na kila akifika kwenye "limewekwa" watu wanapiga makofi. Wengine walicheka mpaka wakafuta machozi. Sijawahi kuona mtu akikumbukwa kwa furaha namna ile.

Kuna zaidi. Gari la Bansidhar lilisimama. Aliteremka mwenyewe, akauliza hizi herufi za nani. Nikasema zangu. Akazisifu! Akauliza kama nimeshasafisha na jiwe la tangi la maji. Nilikuwa sijui hata kwamba lipo. Akanielekeza hadi kichakani, akaniambia, "Endelea hivyo hivyo, binti, nchi inahitaji vijana kama wewe." Jioni akaniletea kopo kubwa la rangi.

Anampa adui silaha! Siasa haiwezi yule.

Ijumaa, 13 Januari

Nitaandika polepole.

Mchana nilikuta jiwe la daraja limevikwa maua ya manjano. Udi unafuka. Wamevunja nazi. Kalandi alikuwa amejifunga shuka mabegani kama kuhani, akinyunyiza maji na kuimba: "Ewe Bibi Daraja, usiyeonekana kwa macho, utuvushe salama!" Na watu wote: "Utuvushe!" Mtu akauliza mungu huyu mbona haonekani. Kalandi akamjibu kwamba wale wakubwa kabisa ndivyo walivyo.

Nami nikakunja mikono, nikaomba. Nilimwombea Babu.

Minakhi akanivuta. Akasema, "Itishree, shoga yangu, mimi nimevumilia tangu Jumanne. Daraja lenyewe liko wapi?"

Niligeuka nimwoneshe.

Niliahidi kuandika kila kitu, basi naandika nilichokiona. Mto. Nyati wawili majini. Mtoto wa darasa la kwanza anavuka, begi kichwani. Nimevuka hapo kila siku tangu nianze shule. Nimevuka hapo kwenda kusafisha jiwe la daraja.

Shule haipo. Zahanati haipo. Tangi halipo. Mimi ndiye niliyewakumbusha, kwa rangi nyekundu.

Sikula.

Jumamosi, 14 Januari

Leo sikukuu ya mavuno, Makar. Nyumba zote zinanukia mchele mpya, nazi na sukari guru. Mimi nanukia kitu kingine.

Niliamka na mpango wa kuyafunika. Nilimwomba Mama Kuntala arudishe samadi yake jiweni. Akakataa katakata: hapo sasa ni hekalu, je, nataka aungue motoni? Basi nikachukua kikapu, nikaanza mwenyewe. Kumbe ni ufundi. Yake hushika. Yangu iliteleza ikaanguka juu ya maua.

Nilikuwa nimefika kwenye neno "Mheshimiwa" ndipo wakatokea watu waliovaa nguo za sikukuu. Mwanamke mmoja akapiga yowe: "Jamani, njooni mwone! Mjukuu anampaka babu yake mavi!" Walikuja. Walikuja mpaka wa kijiji cha pili. Nilijaribu kueleza, lakini mtu huelezaje akiwa na kikapu kile?

Bibi nilimwambia ni matope. Bibi ana pua. Aliniogesha mara mbili na hakuniuliza neno, na hilo ndilo lililoniumiza.

Jumapili, 15 Januari

Mjumbe alifika, mtu mnene mwenye haraka. Ukumbi ulikuwa tayari, viti na kila kitu. Bansidhar akamwomba kwa unyenyekevu mkubwa atembee kidogo kwanza, aone kazi za mzee wetu. Watu wakafuata kama harusi.

Babu naye alikuja. Nguo nyeupe, fimbo, uso umenyooka. Alidhani wanampa heshima. Uwanjani alitabasamu bado. Sokoni hakutabasamu. Mtoni alilisoma jiwe lote, taratibu, akitikisa midomo, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa na mtu mwingine.

Kijana mmoja akapaza sauti, "Mheshimiwa, tutangulie, sisi tutapita nyuma yako darajani!" Vicheko.

Babu aliuliza nani amepaka rangi. Ningeweza kunyamaza. Nikasema ni mimi. Alipitisha kidole juu ya herufi. Akasema mstari umenyooka.

Kisha akamgeukia mjumbe, lakini nadhani alikuwa anawaambia watu. Alisema siku ile alichora nguzo za daraja mchangani kwa fimbo, watoto wakazirukaruka, naye alikuwa na hakika nazo kama vile anaziona. Mwezi uliofuata akahamia Taa. Faili likabaki kwa Jembe. "Nilidhani nitarudi kulichukua," alisema. "Kila mara nilidhani hivyo."

Hakuna aliyecheka. Mama Kuntala alitazama pembeni. Mjumbe alitazama saa. Bansidhar ameteuliwa kabla chai haijachemka.

Nyumbani Babu alivua nguo nyeupe mchana kweupe. Sijapata kuona. Alikula wali wa kulowekwa na pilipili, akaacha nusu. Alipopita karibu nami alinivuta msuko wa nywele kidogo, kama zamani nilipokuwa mdogo. Heri angenichapa.

Jumanne, 17 Januari

Babu amelala, ameelekea ukutani. Kalandi alikuja, akasimama uani kwa aibu, akaondoka bila gazeti. Bibi anatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Yote haya nimeyafanya mimi. Nikiwa darasani nilitazama mto kupitia dirishani na nikalia, na Bi Hemalata akanipa leso yake bila kusimamisha somo la jiografia.

Natamani ningeacha samadi ilipokuwa.

Jumatano, 18 Januari

Dada, sasa nakuandikia wewe moja kwa moja, maana mambo yana haraka.

Nimejuta usiku na mchana, na katika kujuta nimeligundua kosa langu. Yale mawe yalikuwa ya zamani! Nani hufurahia jiwe la zamani? Watu wanataka jipya.

Kwa hiyo tutaweka jipya. Maktaba ya Wasichana ya Gadadhar Praharaj, pale kwenye mwinuko nyuma ya soko, ambapo pana upepo mzuri. Mjomba wa Minakhi ni mchonga mawe, naye ana kipande kilichobaki kwenye kazi ya hekalu. Tarumbeta zitatoka kwenye harusi ya Alhamisi ijayo. Wapigaji wamekubali kupitia kwetu kwanza. Lazima iwe kabla tarehe ya uchaguzi haijatangazwa, kwani ikishatangazwa sheria hairuhusu kuweka mawe ya msingi. Minakhi ameniuliza vitabu vitatoka wapi. Nimemjibu kwamba hilo ni suala la baadaye. Amekuwa mtu wa kukatisha tamaa sana yule.

Leo jioni nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamweleza Babu. Halafu akageuka kutoka ukutani. Akaketi. Akauliza wageni watakaa upande gani, kwa sababu pale mwinukoni jua la jioni huwapiga watu machoni na hotuba haisikiki. Bibi, aliyekuwa mlangoni, alijifunika uso kwa upindo wa sari. Sikuona kama analia au anacheka.

Limebaki jambo moja, na mchonga mawe hawezi kuanza bila hilo. Jina la Babu litakuwa juu, hilo halina ubishi. Lakini mimi ndiye mwanzilishi. Je, jina langu liwe chini yake kwa herufi ndogo, au ubavuni kwa herufi za ukubwa uleule? Nijibu kwa posta ya kwanza.