Kasa, Ndege Mvumaji na Suruali ya Baba Bibi Harusi

"Sikieni haya," alisema jamaa waliyemwita Redio kwa kuwasomea habari, gazeti likiwa limemfunika uso. "Kasa anaweza kuishi miaka sabini na zaidi. Ndege mvumaji, kijidege cha ukubwa wa kidole gumba, anapiga mabawa mara hamsini kwa sekunde, tena anaruka kinyumenyume."

Benchi zima la nje ya duka la ushonaji likageuka kumtazama Fundi, aliyekuwa mlangoni pake na cherehani. Fundi alijua sababu. Harusi ilikuwa saa nne, sasa ni saa tatu na nusu, na Baba Bibi Harusi amekaa pale na koti, tai na taulo. Suruali aliyoahidiwa Jumatatu ilikuwa haijapindwa miguu.

"Kasa ana heshima zake," Fundi akasema. "Hana papara. Ndiyo maana anazeeka vizuri."

"Kasa anataga mayai mia, anayafukia, anajiendea zake," Baba Bibi Harusi akajibu. "Hajui hata yameanguliwa lini. Kama wewe na suruali yangu."

"Mnamwonea," Kinyozi wa jirani akadakia. "Huyu ni mvumaji wa kinyumenyume. Jumatatu kashona, Jumanne kafumua."

"Nilifumua kwa sababu mwenyewe kanenepa. Mimi napima kiuno, sipimi matumaini."

Kicheko kilipotulia, Baba Bibi Harusi akashusha sauti. "Fundi, ndugu yangu. Nikichelewa, mjomba ndiye atakayemkabidhi binti yangu. Miaka ishirini na minne nangoja kumshika mkono yule mtoto."

Fundi akaiweka suruali chini ya sindano. Kuzidiwa na kijidege, yeye mwenye miaka thelathini kwenye cherehani? Akainama, akakanyaga. Cherehani ikavuma hadi benchi likatetemeka.

"Hesabuni mabawa," alisema bila kuinua kichwa.

Redio hakufika hata mia mbili. "Tayari," Fundi akatangaza, akampa mwenyewe suruali yake. Mkono wa Fundi ukaifuata. Mkono wa shati lake ulikuwa umeshonwa pamoja na pindo la mguu wa kulia, mshono imara, wa kazi ya heshima.

"Subiri niufumue taratibu," alisema.

"Leo hufumui kitu." Baba Bibi Harusi alikuwa ameshaingiza mguu wa kwanza, na Fundi akajikuta amechuchumaa.

"Sasa na mimi je?"

"Twende. Utafumua njiani. Tukifika hujamaliza, nitasema wewe ndiye mpambe wangu."