Albamu ya Sita ya Evo Sukari

Amosi alizima pikipiki mbali, akaiacha ijiserereshe yenyewe mpaka mbele ya jiko la kahawa la Stambuli. Ukimwona amekuja kwa mwendo huo na hana abiria, ujue ana habari.

"Shikamoo Jaji! Evo Sukari kaachia albamu! Ya sita hiyo! Ngoma kumi na nane!"

"Kumi na nane?" Pili aliacha kupanga kashata zake. "Huyo anaimba au anatotoa?"

Kijiwe chenyewe kipo Kihonda, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Kina mabenchi mawili na wanachama wanne wa kudumu, wengine wote ni wapita njia. Stambuli muuza kahawa ni Mnyamwezi aliyezeekea Morogoro, wanamwita Waziri kwa kuwa hajawahi kujibu swali lolote moja kwa moja. Amosi wa bodaboda ni Bluetooth, kwa ajili ya spika aliyoifunga kwenye usukani ili abiria wateseke kwa raha. Pili muuza kashata anahesabu kila kitu, basi ni Takwimu. Na mzee Kasiani, mkulima wa kabichi wa Mgeta aliyeshuka mjini magoti yalipoukataa mlima, ndiye Jaji. Akishasema kitu ni kibovu, kibovu, na rufaa hakuna.

"Marahaba," alisema Jaji, akaweka kikombe chini.

Kuna jambo Jaji hakuwahi kulisema pale kijiweni miaka yote saba. Evo Sukari, yule anayesimulia kwenye redio kwamba amezaliwa Mbezi Beach, jina lake ni Evance, na ni mtoto wa Anastasia, dada yake Kasiani, Mungu amrehemu. Na kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo msemaji wake ni mjomba. Kasiani ndiye aliyemlea, ndiye aliyemtandika, na ndiye aliyeachwa shambani peke yake asubuhi moja dogo alipotoroka kwenda kuwa staa. Tangu hapo mzee amekuwa akimponda kijiweni kuliko wote. Ilianza kama hasira, ikageuka kinga, sasa ni kazi ya kudumu. Wakijua leo kwamba yule mlia-lia ni wa kwake, kiti cha ujaji kimekwenda, watamcheka mpaka Dumila wasikie.

"Tuanze na kumbukumbu za mtuhumiwa," alisema Stambuli akimimina. "Takwimu, soma shitaka."

Pili alikunja vidole. "Albamu ya kwanza, 'Chumvi ya Moyo'. Ya pili, 'Chumvi ya Moyo Imezidi'. Ya tatu, 'Nimefuta Namba Yako'. Ya nne, 'Nitumie Namba Yako Tena'."

"Ya tano ndo kanichosha kabisa," Amosi alidakia. "'Naitwa Bosi'. Mwanzo mwisho anataja magari. Ile siyo albamu, mwana, ile ni yadi ya magari!"

"Jumla nyimbo tisini na mbili ukichanganya na hizi za leo," Pili alisema. "Na neno 'bebi' nilishindwa kuhesabu kwenye albamu ya pili, nikaumwa kichwa."

Wote wakamgeukia Kasiani kungoja hukumu, kama ilivyo desturi.

"Huyo mtoto," alisema mzee kwa uzito, "ana wimbo mmoja tu duniani. Anaubadilisha shati."

Kijiwe kikapasuka kwa kicheko. Kasiani akanywa kahawa, ikamshuka chungu kuliko siku zote.

"Sasa sikilizeni hii mpya," Amosi alisema akihangaika na simu. "Safari hii kabadili gia. Albamu inaitwa 'Mtoto wa Milimani'. Eti kumbe ni wa huku huku Uluguru!"

"Acha uongo!" Stambuli aliweka birika chini. "Si alisema Mbezi?"

"Siku hizi asili inauza, Waziri. Kiki hiyo. Oneni ngoma namba tano."

Spika ikakohoa, mdundo ukaanza, na sauti nyembamba ikaingia ikilalamika kwamba alikulia Mgeta akichunga ng'ombe wa babu yake kwenye mbuga pana.

"Mbuga pana Mgeta!" Pili alipiga makofi. "Kule ng'ombe akijikwaa mlimani unamwokota chini Mlali!"

"Ng'ombe gani!" Kasiani alifoka kabla ya kujizuia. "Walikuwa na nguruwe wawili, na hata hao alikuwa anawakimbia!"

Pili aliacha kupiga makofi. Hata mashine ya kusaga ilionekana kupunguza kelele.

"Jaji," alisema Stambuli polepole, "umejuaje?"

"Watu wa kule ndivyo wanavyofuga," mzee alijibu huku jasho likimtoka kisogoni. "Nazungumza kwa ujumla. Bluetooth, endelea mbele, wimbo gani huo."

Huo ndio ugonjwa wake Kasiani. Anaweza kuvumilia njaa, jua na magoti, lakini kosa likipita mbele yake bila kusahihishwa anawashwa mwili mzima. Amosi akaruka mpaka namba tisa, ambamo Evo Sukari anamwahidi mpenzi wake kumpeleka ufukweni Kisaki.

"Ufukweni wapi?" Stambuli alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. "Kisaki kuna reli na tembo! Huyo dada atavaa nguo za kuogelea apande treni?"

"Hajawahi kufika hata Kisaki yenyewe," Pili alisema. "Kaona jina kwenye ramani."

"Takataka," Kasiani alihukumu. "Wimbo namba tano takataka, namba tisa takataka. Zima, Bluetooth, usitumalizie chaji ya spika."

"Ngoja, Jaji, imebaki ya mwisho. Watu mtandaoni wamechizika na hii kinoma. Inaitwa 'Simu ya Mjomba'."

Kasiani alisimama. "Mimi nina safari."

"Kaa, mtani," Stambuli alimvuta shati kwa haki zote za Mnyamwezi kwa Mluguru. "Unaondokaje mahakamani kesi haijaisha?"

Hakukuwa na mdundo. Kulikuwa na simu inaita ndani ya wimbo, kisha mzee mmoja akapokea. Kasiani akaijua ile sauti kama anavyolijua jembe lake, ilikuwa yake mwenyewe. Ilikuwa Kwaresma, miaka miwili iliyopita, dogo alipompigia, na tangu siku ile hawakuwahi kuongea tena.

"Evance! Wewe mpuuzi wewe!" spika ilinguruma. "Nimekusikia redioni. Kunguru wameisikia sauti yako wamehama shamba, nashukuru kwa hilo tu! Nyimbo nyingi, maneno matatu! Hata padre wetu akiwa na mafua anahubiri vizuri kuliko wewe unavyoimba! Bebi, bebi, huyo bebi hana jina? Hana wazazi? Mifereji imeziba kule Mgeta, kabichi zinakauka, wewe unalilia namba ya simu! Mama yako angekuwepo ungeimba upuuzi huo? Eh?"

Amosi alikuwa ameinamia usukani, mabega yanacheka. Pili alijifuta machozi kwa kanga. Kwenye spika mzee akahema. Alipoendelea, sauti ilikuwa imeshuka.

"Umekula, lakini?"

"Bado, mjomba," ilijibu sauti ya kijana.

"Sasa unaimbaje na njaa, mwanangu? Kale kwanza."

Hapo ndipo ngoma zikaingia, nzito, za kwao kabisa, na lile neno likaanza kurudiwa, kale kwanza, kale kwanza, bila bebi hata mmoja. Wimbo ulipoisha hakuna aliyecheka. Stambuli alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

"Nyimbo tisini na mbili," Pili alisema taratibu, "huu ndio wa kwanza."

"Kipaji anacho yule mzee," Amosi alisema. "Dogo kamtafutia tu mdundo."

"Na mimi yule mzee namjua," aliendelea Pili. "Jana alinifokea kwamba kashata zangu zina sukari kidogo na kiburi kingi."

Vichwa vitatu vikageuka. Kasiani alitazama viatu vyake. Aliona aibu, tena kubwa, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, maana miaka miwili mizima alidhani dogo aliyasikia matusi tu.

"Kumbe mali yako!" Stambuli alilipuka. "Miaka saba unatuuzia hukumu, Jaji, kumbe mshitakiwa umemlea mwenyewe! Albamu sita zote hizi mwenye mzigo ni wewe! Utatulipa masikio yetu, mtani!"

"Tulieni," mzee alisema. "Hukumu haijabadilika. Tisini na moja ni takataka."

Simu ikalia mfukoni mwake. Alipoitoa, Pili alikuwa ameshachungulia. "Imeandikwa 'Mpuuzi'. Mpuuzi anapiga!"

"Pokea, Jaji! Weka spika!"

Akapokea, akaweka spika.

"Shikamoo mjomba," ilisema ile sauti nyembamba, na safari hii ilikuwa inatetemeka kweli. "Umeusikia?"

Kasiani alikohoa. "Unanirekodi?"

"Hapana, mjomba! Naapa!"

"Kwa nini hurekodi?"

Upande wa pili kikasikika kiti kikiburutwa.

"Washa hicho kitu chako," alisema mzee akinyoosha kola. "Ile ya kwanza mafua yalikuwa yamenibana, na mambo ya Kisaki nilikuwa bado sijayasikia."

Stambuli alifunika birika lisichemke kwa kelele. Amosi alikuwa ameshatimua mbio kwenda kumwambia mtu wa mashine azime.